Nyumba ya kupangisha ikiharibika: tafuta chanzo kwanza, mkosaji baadaye

Ilikuwa saa tano usiku, mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Simu ikaita. "Shikamoo mama. Samahani kwa kukusumbua usiku huu. Dari ya sebuleni imeanguka."

Asubuhi nilipofika Kimara nilikuta jipsamu imelala juu ya kochi, imelowa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Televisheni ilikuwa chini yake. Namshukuru Mungu ilianguka wakati watu wote wameshaingia chumbani.

Dada yule mpangaji alikuwa ameshaniambia mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa baka la kahawia, ukubwa wa sahani. Nikamtuma fundi rangi, akalipaka. Mwaka uliofuata likarudi palepale, nikamtuma tena. Safari hii fundi wa paa alipopanda, alishuka na msumari mmoja wa bati mkononi. Ule mpira mweusi wa chini ya kichwa chake ulikuwa umekauka na kupasuka kwa jua. Tundu lenyewe kidole cha mtoto hakipiti. Kwa sababu ya tundu lile nililipia rangi mara mbili, dari mpya, na televisheni ya mtu.

Tangu hapo kila uharibifu naushughulikia kwa utaratibu mmoja, na kiini chake ni hiki: jua kwanza kilichosababisha, maana chanzo ndicho kinachokuambia ukarabati gani utadumu na nani anapaswa kulipa. Ukianza na "nani kaharibu?" utagombana na mpangaji, utapaka rangi, na masika yajayo mtagombana tena. Naandika nikiwa Dar es Salaam, kwa hiyo sheria nitakazotaja ni za Tanzania. Mahali Kenya inapofanana au kutofautiana, na mimi nina uhakika, nitasema.

Hatua ya 1: Siku ya makabidhiano, kabla hujampa mtu funguo

Hatua hii inakuja kabla ya uharibifu wowote, na ndiyo inayoamua kesi nyingi. Wenye nyumba wengi tunahangaika na mkataba, tunamlipa wakili auandike vizuri, halafu siku ya kukabidhi nyumba tunamrushia mpangaji funguo getini kwa sababu dalali ana haraka ya chake.

Tenga saa moja. Ingia na mpangaji, chumba kwa chumba, na simu mkononi. Rekodi video taratibu: sema tarehe kwa sauti, taja chumba, onyesha dari, kuta nne, sakafu, dirisha, mlango. Kisha piga picha za karibu za kila kasoro iliyopo tayari, hata ndogo. Marumaru yenye ufa. Koki inayochuruzika. Nyavu ya dirisha iliyochanika. Mwenye nyumba mwenzangu hupenda kuficha kasoro ili nyumba ionekane nzuri, lakini kasoro iliyoandikwa inakulinda wewe kama inavyomlinda mpangaji. Itakapofika siku ya kuhama, kila kisichoandikwa kitakuwa neno lako dhidi ya neno lake.

Usiishie kuangalia, jaribu vitu. Fungua kila koki, vuta kila choo, washa kila taa, chomeka chaja ya simu kwenye kila soketi. Inama uangalie chini ya sinki ya jikoni, pale ule mpira wa maji unapoungana na bomba, maana ndipo uvujaji unapoanzia na hakuna anayepaona. Andika uniti zilizobaki kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, namba ya mita ya maji, na idadi ya funguo za kila mlango.

Yote yaingie kwenye karatasi moja ya makabidhiano. Mtie sahihi wote wawili, na kama mjumbe au mtu wa serikali ya mtaa anapatikana, atie na yeye kama shahidi. Jioni hiyohiyo mtumie mpangaji picha zote kwa WhatsApp na uandike: "Hizi ndizo picha za nyumba leo, naomba uzihakiki." Jibu lake, hata kama ni "sawa mama" tu, linabaki na tarehe yake.

Karatasi hii iliwahi kumwokoa mpangaji wangu badala ya kuniokoa mimi. Alipohama nikaona marumaru imepasuka mbele ya jiko, nikawa na hakika ameangusha mtungi wa gesi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kumkata. Nilipofungua picha za siku ya kwanza, ufa ulikuwepo. Nikamrudishia dhamana yake yote, ile pesa aliyoweka mwanzoni, palepale, na yeye ndiye aliyeniletea mpangaji aliyefuata.

Hatua ya 2: Simu ikija, zuia hatari

Mtu anapokupigia kusema kuna maji au moto, usianze kumhoji. Mpe maelekezo mafupi.

Maji yakiwa yanatoka bombani: afunge valvu kuu. Kwa hiyo ni lazima ajue iko wapi, na hilo ulipaswa kumwonyesha siku ya makabidhiano. Maji yakiwa yanatoka darini karibu na taa au feni: azime swichi kuu, kama anaweza kuifikia akiwa amesimama pakavu. Kama ameshazungukwa na maji, asiguse kitu, atoke nje, na TANESCO, shirika la umeme, waitwe. Dari iliyovimba kwa maji watu wasikae chini yake hata kidogo, hata kama fainali ya mpira inaonyeshwa.

Moto, ni Zimamoto kwa 114. Watu watoke, vitu vibaki.

Baada ya hapo nenda mwenyewe, au mtume mtu unayemwamini, siku hiyohiyo. "Nitakuja wikiendi" ndiyo sentensi iliyonigharimu kuliko nyingine zote katika kazi hii. Mpangaji akishaona hujali, naye ataacha kukuambia mambo madogo, na mambo madogo ndiyo ya bei rahisi.

Hatua ya 3: Piga picha kabla hujafagia

Hamu ya kusafisha ni kubwa, hasa kama kuna watoto ndani. Vumilia dakika kumi. Piga picha ya chumba kizima ukiwa mlangoni, kisha sogea, kisha piga ya karibu kabisa. Weka sarafu au kalamu pembeni ya ufa ili ukubwa wake uonekane. Vitu vya mpangaji vilivyoharibika navyo vipigwe, na mwandike orodha yake pamoja. Kipande kilichovunjika, waya ulioungua, koki iliyopasuka, visitupwe. Vifunge kwenye mfuko, andika tarehe, weka stoo. Kama una bima, mkaguzi wake atavitaka. Kama mtafika kwenye baraza la ardhi, vitasema zaidi yako.

Hatua ya 4: Soma baka

Hapa naomba utulie na mimi, maana wengi tunaruka hatua hii.

Maji hujionyesha mbali na yalikoingilia. Yanaingia kwenye tundu la bati, yanatambaa juu ya mbao za kenchi, yanadondoka mita mbili mbele. Kwa hiyo mahali penye baka panakuambia tu maji yameishia wapi. Njia yake inabidi uifuatilie nyuma.

Anza na swali moja: baka linakua lini? Chukua penseli, zungushia ukingo wake mstari mwembamba, andika tarehe pembeni. Rudi baada ya siku chache.

Likikua mvua inaponyesha na kutulia jua linapowaka, tatizo liko juu: msumari wa bati, kofia ya paa, gata iliyojaa majani ya mwembe hadi maji yakarudi ndani, au ukingo wa zege usio na mteremko. Kulipata tundu kamili, subiri siku kavu. Mtu mmoja apande na mpira wa maji, mwingine akae ndani akiangalia juu na tochi. Amwagie sehemu ya chini ya paa kwanza, dakika kadhaa, kisha apande taratibu kuelekea kwenye kofia. Akianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yameingilia wapi. Wa ndani akipiga kelele "hapo!", wa juu atie alama.

Likikua hata kiangazi, tafuta bomba. Nyumba yenye mita ya maji, usiku watu wakilala funga koki zote, andika namba, kisha soma tena alfajiri kabla mtu hajaoga. Namba imesogea? Kuna mahali panavuja. Kama maji yanatoka kwenye simtanki, bandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye usawa wa maji usiku, uangalie asubuhi. Kwa choo, mimina chai ya rangi iliyokolea kwenye tanki lake la juu, usivute, subiri nusu saa. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa ndani umechoka, na bili ya maji iliyokuwa inamliza mpangaji wako ilikuwa inapita hapo.

Unyevu ukianzia chini, ukapanda ukutani hadi usawa wa kiuno, rangi ikavimba na kutoa unga mweupe, huo unatoka ardhini. Kuna mawili. Ama hakuna ile nailoni nyeusi inayotandikwa juu ya msingi kabla ya kuanza kupandisha kuta, ama udongo wa nje umerundikwa ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Jambo la pili ni la kawaida sana huku kwetu: barabara ya mtaa inainuliwa, jirani anajaza kifusi, nyumba yako inabaki shimoni. Unga mweupe ni chumvi, na ukiwa karibu na bahari inawezekana mchanga wenyewe uliojengea ulikuwa na chumvi. Kupaka rangi juu yake ni kutupa pesa. Utabandua lipu iliyoathirika, utashusha udongo wa nje, utaweka mfereji wa kuondoa maji ukutani, utaacha ukuta ukauke wiki kadhaa, ndipo upige lipu upya.

Ufa nao husomwa. Ufa mwembamba kama unywele, uliotapakaa kama utando wa buibui, mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka. Ufa unaopita kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, unaoanzia kwenye kona ya dirisha kuteremka chini, au ambao upande mmoja umeachana na mwingine, huenda ni wa msingi. Huo tafuta mhandisi, usimwite fundi wa kuziba. Na zungushia penseli na tarehe, kama baka.

Mchwa: tafuta vijia vya udongo vinavyopanda ukutani kuelekea kwenye fremu za milango. Gonga mbao, ikilia kama ngoma, imeliwa. Kubadilisha fremu bila kumwaga dawa kwenye udongo ni kuwaletea chakula kipya.

Na umeme. Soketi iliyoungua inakuambia kitu kwa umbo lake. Ikiwa imeyeyuka kuzunguka tundu moja, pengine ni plagi iliyolegea au kifaa kizito kuliko uwezo wake, mathalani jiko la umeme kwenye kiunganishi kimoja na friji na pasi. Ikiwa waya wa ndani ya ukuta ndio umeungua, ni nyaya zako, ndogo kuliko matumizi au zilizoungwa vibaya. Hili mwachie fundi umeme mwenye leseni, na umwambie aandike alichokiona.

Hatua ya 5: Sasa uliza nani analipa

Ukishajua chanzo, nusu ya ugomvi imekwisha.

Sheria ya Ardhi, Sura 113, ya mwaka 1999, katika vifungu vya 88 na 89, inaingiza masharti kadhaa kwenye kila pango hata kama hamkuyaandika. Kwa upande wetu wenye nyumba: nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuanza na iendelee hivyo. Na pale unapopangisha sehemu tu ya jengo, vyumba viwili kati ya sita, kwa mfano, basi paa, kuta za nje, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni mzigo wako. Kwa upande wa mpangaji: atunze, na arudishe nyumba katika hali aliyoikuta. Lakini hadaiwi uchakavu wa kawaida wa matumizi, wala uharibifu wa moto, mafuriko au ajali ambayo haikutokana na uzembe wake. Tena nyumba ikiharibika kwa namna hiyo hadi isikalike, yote au sehemu, kodi au sehemu yake inasimama mpaka ikalike tena. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 ina masharti yanayofanana sana na haya, kwenye vifungu vya 65 na 66.

Narudia lile la kodi kusimama kwa sababu hapa mjini tunapokea kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Ukishaila, na nyumba ikafurika mwezi wa pili, bado unadaiwa. Weka akiba.

Kwa hiyo bati lililochoka ni langu. Bomba la ukutani lililooza ni langu. Choo kilichoziba kwa sababu shimo la maji taka limejaa, inategemea mkataba unasemaje kuhusu kulinyonya; choo kilichoziba kwa nepi na vitambaa ni cha mpangaji, na fundi akivitoa avionyeshe. Dirisha lililovunjwa na mpira wa mtoto ni la mpangaji. Lililovunjwa na mwizi si uzembe wa yeyote kati yenu, na hapo ndipo mtu anatamani angekuwa na bima.

Mstari mgumu uko kwenye uchakavu. Rangi inafifia, bawaba zinalegea, sakafu inapoteza mng'ao. Watu wameishi humo, na kodi walilipa kwa ajili hiyo. Tundu la ngumi kwenye mlango si uchakavu. Katikati kuna mambo mengi, na kwangu hesabu yake ni hii: kila kitu kina umri. Rangi ya ndani mimi naipa miaka minne. Tuseme kupaka upya ni shilingi 600,000, na mpangaji aliyekaa miaka mitatu ameacha kuta zimechorwa kalamu za rangi mwanzo mwisho. Rangi ile ilikuwa imebakiwa na mwaka mmoja tu, yaani robo. Namdai 150,000, na hizo nyingine ni zangu, kwa sababu ningepaka tu. Hiyo si sheria, ni uamuzi wangu, lakini sijawahi kumwonyesha mtu hesabu hiyo kwenye karatasi akaikataa.

Hatua ya 6: Fundi

Pata makadirio ya mafundi wawili, yaliyoandikwa, vifaa vikiwa mbali na ufundi. Vifaa nunua mwenyewe na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi ya serikali. Ufundi lipa kwa awamu, na ya mwisho itoke baada ya kujaribu kazi: koki zifunguliwe, choo kivutwe, paa limwagiwe maji. Fundi akikataa kujaribiwa, umeshajua.

Kuhusu bati, usichague geji (kipimo cha unene) nyepesi kuliko ile iliyokuwepo kwa sababu ni bei rahisi. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 30 ni nyembamba kuliko 28. Ukipandisha mafundi kwenye paa la zamani kwa tundu moja, waambie wakague misumari yote ya upande ule. Jua lililokausha mpira mmoja halikuiacha mingine.

Hatua ya 7: Kaa na mpangaji

Usiandike ujumbe wa vitisho. Nenda, ukae, mwombe maji ya kunywa. Weka mezani picha za siku ya kwanza, picha za sasa, alichoandika fundi, na makadirio. Kisha mwachie aseme yeye kwanza. Mara nyingi ataeleza jambo usilolijua: kwamba jirani wa juu alimwaga maji, kwamba alikutumia ujumbe mwezi wa tatu na hukujibu. Angalia simu yako kabla hujabisha.

Mkikubaliana, andikeni palepale: kilichoharibika, chanzo, gharama, nani analipa kiasi gani, lini. Kama ni cha kukatwa kwenye dhamana, mpe orodha ya kila kitu na nakala za risiti, na kinachobaki mrudishie siku hiyo. Kukaa na dhamana ya mtu huku unasema "nyumba ilikuwa chafu" ni dhuluma, na mtaa mzima utajua.

Vilevile, nyumba ikiharibika kwa sababu yako, lipa bila kuvutwa. Yule dada wa Kimara nilimlipa televisheni kabla sijarekebisha dari.

Hatua ya 8: Bima, kama unayo au unafikiria

Kampuni nyingi huuza bima ya nyumba ya moto pamoja na majanga mengine, na ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, waambie kwamba nyumba inapangishwa. Ukiandika kwamba unaishi humo, siku ya madai watakuwa na sababu ya kukataa. Pili, uliza kama mafuriko yamo, na kama upotevu wa kodi wakati wa ukarabati umo. Tatu, na hili ndilo linaloumiza watu, thamani unayoandikisha iwe gharama ya kujenga upya jengo leo. Bei ya kiwanja haihusiki, na ile gharama uliyotumia mwaka 2010 haihusiki pia.

Kwa nini? Kwa sababu ya kanuni ya uwiano. Tuseme kujenga upya ni milioni 80, wewe umeandikisha milioni 40 ili ulipe ada ndogo. Jiko likaungua, hasara milioni 10. Unadhani utalipwa 10 kwa kuwa haijafika 40. Watasema: umekata bima ya nusu ya nyumba, tunalipa nusu ya hasara. Utapata milioni 5, na hapo bado hawajatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unasema ni juu yako.

Tukio likitokea, waarifu mara moja kwa maandishi. Moto unahitaji ripoti ya Zimamoto, wizi unahitaji ripoti ya polisi. Fanya ukarabati wa kuzuia hasara isiongezeke, kama kufunika paa kwa turubai, na utunze risiti, lakini usijenge upya kabla mkaguzi wao hajafika.

Kwa anayetafuta nyumba ya kununua: bima haiwezi kuhamisha bonde. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 hapa Dar es Salaam, familia kadhaa za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande. Kabla hujalipa, tembea mtaani uangalie kuta za majirani. Mstari wa tope usawa wa goti ukiuona kwenye nyumba tatu mfululizo, nyumba ya nne iliyopakwa rangi mpya ndiyo unayouziwa.

Hatua ya 9: Mkishindwana

Anzia serikali ya mtaa. Mwenyekiti ameshasuluhisha migogoro mingi kama wako. Kutoka hapo kuna Baraza la Kata, ambalo kazi yake kwenye migogoro ya ardhi na nyumba ni usuluhishi, na juu yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, linaloamua. Kwa Kenya, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Uharibifu wa makusudi, mtu kang'oa masinki na kuvunja milango kwa hasira siku ya kuhama, ni kosa la jinai pia, na polisi wana sehemu yao.

Huko kote utaulizwa karatasi ya makabidhiano na picha.

Usifanye haya, hata kama umechokozwa: kung'oa bati au mlango, kukata umeme, kubadilisha kitasa mtu akiwa kazini, kushikilia vitu vyake. Nimeona mwenye nyumba aliyekuwa na haki yote, mpangaji anadaiwa na amevunja, akatoka barazani yeye ndiye anayelipa fidia kwa sababu alitoa mlango.

Hatua ya 10: Rudi mvua ikinyesha

Ukarabati haujaisha siku fundi anapoondoka. Panga ukaguzi mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa taarifa ya siku chache kwa mpangaji. Ni nyumba yako lakini ni makazi yake. Safisha gata, angalia misumari, fungua chemba, inama chini ya sinki.

Na mvua ya kwanza kubwa ikinyesha usiku, kesho yake asubuhi nenda na tochi. Pale Kimara, dari ilipobadilishwa, nilimwomba fundi asipake rangi kwanza. Kwenye jipsamu ile nyeupe nilichora mduara wa penseli mahali baka lilipokuwa likitokea, nikaandika tarehe. Mvua ya vuli ilinyesha siku mbili mfululizo. Dada yule alinitumia picha kabla sijatoka nyumbani: mduara mkavu, na kidole cha mwanawe kikiuonyesha. Wiki iliyofuata ndipo fundi rangi alipokuja.